Mtandao wa jengo unapokatika: kagua waya kabla hujanunua kifaa kipya

Malalamiko kuhusu mitandao ya majengo Arusha na Moshi huja kwa maneno yaleyale. "Neti inakatakata." "Kamera za nyuma zimekufa." "Mita ya chumba cha baridi haisomi." "Tangu mvua ile, poti tatu hazifanyi kazi." Hatua ya kwanza nayo ni ileile: kununua rauta mpya, au kumpigia mtoa huduma na kumgombeza. Mara nyingi mtoa huduma hana kosa na rauta ni nzima. Ugonjwa uko kwenye dari, kwenye kichwa cha RJ45 (plagi ya plastiki ya waya wa mtandao), au kwenye bomba lililopitishwa ubavuni mwa waya wa mota.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeanza, wa msimamizi wa hoteli Njiro au Sakina, na wa mtu wa matengenezo kwenye shamba la maua Usa River au kinu cha kahawa Moshi. Tafuta dalili yako, kisha fuata visababishi kwa mpangilio uliowekwa. Cha kwanza ndicho kinachotokea zaidi. Usiruke kwenda cha mwisho kwa sababu kinaonekana cha kitaalamu.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: testa ya waya, multimita, laptop yenye poti ya mtandao, na pachi kodi (waya wa mtandao wenye vichwa pande zote mbili) moja fupi unayojua kwa hakika ni nzima. Hiyo pachi kodi ifunge utepe mwekundu na usimwazime mtu. Haitarudi.

Makatazo matatu kabla ya kugusa chochote. Usishike waya wa mtandao unaotoka nje ya jengo wakati kuna radi. Usifungue paneli ya umeme wa mota kama si fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Na usichungulie ncha ya faiba, hata ukiambiwa imezimwa.

Dalili: taa ya poti haiwaki kabisa

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopotezea watu muda kwa kiburi. Hamisha waya kwenye poti nyingine ya swichi ambayo unaiona inafanya kazi. Taa ikiwaka, poti ya kwanza imekufa au imefungwa kwenye mipangilio. Isipowaka, badilisha pachi kodi za pande zote mbili, ya kwenye raki na ya mezani, kwa ile ya utepe mwekundu. Pachi kodi hukanyagwa na viti, huvutwa na wafanya usafi, na kile kiulimi cha plastiki kikivunjika kichwa kinajichomoa polepole bila mtu kuona.

Zikiwa nzima zote, pima waya wa ukutani kwa testa. Taa moja au mbili zikikosekana, kata kichwa na ubane kipya upande ule rahisi kufikika, upime tena, ndipo uende upande wa pili. Taa zote zikikosekana, waya umekatika, umeng'atwa na panya, au haukuunganishwa kabisa nyuma ya soketi. Usicheke: kwenye majengo mapya hilo la mwisho hukutwa mara nyingi kuliko panya, kwa sababu wapaka rangi hufika kabla fundi wa mtandao hajamaliza.

Dalili: mtandao upo, lakini mzito kupita kiasi

Kabla ya kulaumu kifurushi, chomeka laptop na usome kasi ya kiungo kwenye mipangilio ya mtandao. Kama swichi na laptop zote ni za gigabiti na unaona 100 badala ya 1000, umeshapata mlango. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za waya, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Waya mmoja kwenye pini 4, 5, 7 au 8 ukilegea, vifaa vingi hushuka hadi 100 na kuendelea kimyakimya. Hakuna atakayekuambia, utaona tu wageni wananung'unika.

Kisababishi cha kwanza, basi, ni kichwa kilichobanwa vibaya. Kikague kwa macho: nyaya zote nane zimefika mwisho kabisa? Ganda la nje limeingia ndani ya kichwa likashikwa, au kichwa kinaning'inia kwa nyaya nyembamba peke yake? Jozi zimefumuliwa kiasi gani? Zaidi ya milimita 13 ni nyingi.

Cha pili ni jozi zilizovunjwa. Fundi anapanga rangi kwa jinsi anavyoona zinapendeza: machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Akifanya hivyo pande zote mbili, testa ya bei ndogo itawasha taa zote nane kwa mpangilio na yeye atakusanya vifaa vyake aende. Lakini pini 3 na 6 zinapaswa kuwa jozi moja iliyosokotwa pamoja, na hapo amezigawa kwenye jozi mbili tofauti. Kwenye waya wa mita tatu huenda usione lolote. Kwenye mita 40, data zinaharibika njiani. Mpangilio wa T568B ni huu: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tumia huo au T568A, ila jengo zima liwe na mmoja. Ukikuta rangi zimepangwa kwa urembo, usibishane na testa. Kata ubane upya pande zote mbili.

Cha tatu ni urefu. Kikomo cha waya wa shaba wa mtandao ni mita 100, na hesabu ya kawaida ni mita 90 zilizolala ukutani na mita 10 za pachi kodi. Huhitaji mashine kujua: nyaya nyingi zimechapwa namba za mita kwenye ganda. Soma namba upande mmoja, soma upande wa pili, toa. Ikizidi 100, hakuna usanii wa kubana kichwa utakaosaidia. Weka swichi katikati au vuta faiba.

Cha nne ni waya wenyewe kuwa wa alumini iliyopakwa shaba. Boksi limeandikwa Cat6, bei inapendeza, na mahali fulani kwa herufi ndogo kuna CCA. Kwangua waya mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, ndio huo. Kipimo cha uhakika zaidi ni multimita. Chomoa waya pande zote mbili, unganisha nyaya mbili za jozi moja upande wa mbali, kisha pima upande wako. Shaba halisi ya geji 24 kwa mita 100 inasoma karibu omu 17 hadi 19. Ukiona 25 au zaidi kwa urefu huo, una alumini, au una kiungio kibovu mahali. Kwa maoni yangu waya wa aina hii haufai hata kwa kazi ya muda, kwa sababu ya muda ndiyo hukaa miaka kumi.

Pa kukomea: kama umebana vichwa upya, urefu uko sawa, waya ni shaba na kasi bado ni 100, mwite mtu mwenye mashine ya kuthibitisha waya, ile inayopima upotevu wa mawimbi na mwingiliano kati ya jozi. Testa ya taa haijui hayo.

Dalili: kamera au antena ya Wi-Fi inajizima usiku

Mchana kamera inaonyesha vizuri. Saa moja jioni inapotea, inarudi, inapotea. Meneja anasema kuna mtu anaichezea. Hakuna mtu. Giza likiingia kamera inawasha taa zake za infraredi na kula umeme zaidi, na umeme huo unapita kwenye waya uleule wa mtandao.

Anza na bajeti ya swichi. Swichi ya PoE, yaani inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao, ina jumla ya wati inazoweza kutoa kwa poti zote, na jumla hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Swichi ya poti 8 yenye wati 60, ukiitundikia kamera nane zinazokula wati 9 kila moja usiku, inadaiwa wati 72. Itamnyima mmoja ili wengine waishi. Chomoa kamera mbili usiku mmoja; zilizobaki zikitulia, umepata jibu bila kununua kitu.

Kisha linganisha aina ya PoE. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye poti, na kifaa kinahakikishiwa wati 12.95 tu baada ya kile kinachopotea njiani. 802.3at hutoa 30, kifaa kinapata 25.5. Kamera yenye shingo inayozunguka kwa kawaida huhitaji hicho cha pili. Halafu kuna injekta za volti 24 zinazotoa umeme bila kuuliza kifaa kama kinauhitaji. Hizo ni za vifaa vyake maalumu. Ukizichomeka kwenye laptop au kifaa kisicho chake unaweza kukiua papo hapo, kwa hiyo ziandikie kalamu nene.

Tatu, maji. Fungua kile kifuniko cha plastiki mahali kamera inapoungana na waya. Pini zikiwa na kutu ya kijani, kata ubane upya, na safari hii kiungio kikae ndani ya boksi lisiloingiza maji, waya ukiingilia kwa chini na kupinda kidogo kabla ya kuingia ili matone yaanguke. Kwenye mabanda ya waridi kuna adui wa ziada: unyevu wa kudumu na salfa inayotumika dhidi ya ukungu, ambayo inakula shaba. Vichwa vya kawaida humo havidumu.

Nne, waya wa alumini wa sehemu iliyopita. Unaopitisha data kwa shida, umeme utaupitisha kwa shida zaidi, na unapata joto ukifungwa kwenye fungu kubwa.

Dalili: jengo zima linaganda ghafla

Tazama swichi. Taa zote zikimetameta kwa kasi na kwa pamoja, karibu hakika kuna kitanzi: mtu amekuta pachi kodi inaning'inia chumba cha mikutano, akaona vibaya, akaichomeka ncha zote mbili ukutani. Chomoa nyaya za poti moja moja, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara, mpaka taa zitulie. Uliyochomoa mwisho ndiyo njia ya kuifuata. Baada ya hapo washa STP, kinga ya kuzuia vitanzi, kwenye swichi zilizo nayo. Swichi ndogo za bei ya chini hazina ulinzi huo, na ndizo zilizojaa chini ya meza.

Taa zikiwa za kawaida lakini watu hawapati intaneti, angalia anwani ya IP kwenye laptop. Ikianza na 169.254, hakuna aliyeigawia anwani. Seva ya DHCP, ile inayogawa anwani, imezima au haifikiki. Ikiwa na anwani ya familia ngeni, tofauti na ya jengo lako, kuna rauta ya pili inayogawa anwani zake. Kwa kawaida ni mpangaji aliyenunua rauta ili apate Wi-Fi chumbani na akaichomeka kwenye poti isiyo yake. Soma anwani ya lango kuu, iandike kwenye kivinjari, na ukurasa utakaofunguka utakuambia ni rauta ya aina gani unayoitafuta.

Dalili: mawasiliano yanakatika mota inapowashwa

Hapa ndipo viwanda vinatofautiana na ofisi. Kinu kinawashwa, skrini ya mwendeshaji inapoteza mizani. Kompresa ya chumba cha baridi inaanza, joto linasomeka sifuri. Ukiona kukatika kunafuata ratiba ya mashine, acha kuchunguza programu. Keti pale na daftari, andika saa ya kila mota inapowaka na saa ya kila kukatika, kisha linganisha.

Kisababishi kikuu ni njia ya waya. Waya wa mtandao umelazwa kwenye tranki moja na waya wa mota, hasa mota inayoendeshwa na kile kifaa cha kubadili mwendo ambacho mafundi hukiita invata. Waya kutoka invata hadi mota una kelele nyingi za umeme. Tenganisha njia, na pale zinapolazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba, zisilale sambamba. Kama jaribio, vuta waya wa muda sakafuni mbali na mota, kwa dakika chache na eneo likiwa limezuiwa watu wasikanyage. Kukatika kukikoma, hujabaki na la kubishania.

Pili ni foili. Waya wenye foili ambao foili yake haijaunganishwa ethi popote hauna faida uliyoilipia. Vichwa viwe vya chuma, na pachi paneli (ubao wa soketi kwenye raki) iunganishwe na ethi ya raki.

Tatu ni mtikisiko. Kichwa cha RJ45 kilichofungwa kwenye mashine inayotetemeka hulegea. Kwa mashine za namna hiyo kuna viungio vya M12 vya kukaza kwa skrubu.

Mita za umeme, za maji na vipima joto vingi havitumii waya wa mtandao wa kawaida bali RS-485, nyaya mbili za A na B zinazobeba Modbus, lugha ambayo mita hizo huzungumza. Makosa yake yana sura yake. Mita zote zikikataa, kwanza geuza A na B. Watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, kwa hiyo si aibu. Mita moja ikikataa, au mbili zikisomeka kwa kubahatisha, tafuta anwani mbili zinazofanana. Zile za mwisho wa laini zikisumbua, angalia vipingamizi: vinatakiwa viwili tu vya omu 120, kimoja kila mwisho. Zima umeme wa vifaa vyote vya laini hiyo, pima kati ya A na B. Karibu 60 ni sawa. Karibu 120, kimoja hakipo. Karibu 40, mtu ameweka cha tatu. Na umbo la laini liwe mnyororo, kutoka mita hadi mita. Kila kiwanda kikipanuka, mita mpya huunganishwa kwa tawi lililochipuka katikati, na hapo matatizo huanza ingawa urefu wote haujafika hata karibu na kikomo cha mita 1,200.

Pa kukomea ni mapema. Invata hubaki na umeme hatari kwenye kapasita zake hata baada ya kuzimwa breka. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kifuniko chake na haujadiliwi. Kubadili njia za nyaya za mota, kugusa ethi ya paneli, kufunga kichujio cha invata: yote ni kazi ya fundi umeme wa viwanda.

Dalili: poti zimekufa baada ya mvua au radi

Masika ya Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka, ndiyo misimu ya simu hizi. Angalia ramani ya vilivyokufa. Poti zinazoenda jengo jingine, kwenye geti, kwenye nguzo ya kamera? Basi ni waya wa shaba uliopita nje. Radi haihitaji kupiga jengo lako. Ikipiga jirani, ethi za majengo mawili hupata volti tofauti kwa kitambo, na waya wako wa mtandao unakuwa daraja kati yake. Kubadili swichi tu ni kuandaa nyingine kwa msimu ujao. Kati ya jengo na jengo weka faiba, isiyo na chuma ndani yake. Pale shaba isipoepukika, weka vikinga radi pande zote mbili vilivyounganishwa ethi.

Kama vilivyokufa ni adapta na si poti, mkosaji ni umeme wa ukutani uliopanda uliporudi baada ya kukatika. UPS na stebilaiza zinahusika hapo.

Waya wa ndani uliopitishwa nje huchanika ganda kwa jua, kisha mvua inaingia na kusafiri ndani ya waya hadi kwenye poti. Ukikata ukaona unyevu, usikaushe. Badilisha kwa waya wa nje wenye ganda jeusi.

Ukigusa raki ukahisi umeme, au multimita ikionyesha volti zaidi ya chache kati ya foili ya waya na mwili wa raki, ondoa mikono, zima breka kuu ya raki na umwite fundi umeme.

Dalili: faiba ipo lakini kiungo hakiwaki

Uchafu kwanza, uchafu pili. Vumbi lisiloonekana kwenye ncha linatosha. Tumia kalamu ya kusafishia faiba, si shati. Kisha fuata waya kwa macho ukitafuta mkunjo mkali au tai ya plastiki iliyokazwa. Kisha badilisha nyuzi mbili nafasi, kwa sababu kinachotuma upande mmoja lazima kifike kinapopokea upande wa pili. Kisha angalia rangi za vichwa: kijani hakichomekwi na bluu, kwani vimekatwa kwa pembe tofauti. Mwisho, moduli (vipande vinavyotuma na kupokea mwanga) za pande mbili ziwe za aina moja. Ya nyuzi za modi moja haielewani na ya modi nyingi.

Kama ni faiba ya mtoa huduma, soma nguvu ya mwanga kwenye ukurasa wa kifaa chake. Kwa mitandao mingi ya GPON, aina ya faiba ambayo watoa huduma huwaunganishia wateja, kifaa cha mteja kinapaswa kupokea kati ya -8 na -27 dBm. Chini ya hapo, mpigie yeye na umtajie namba hiyo. Usikate wala kuunganisha faiba yake. Mwanga wake hauonekani kwa jicho na unaweza kuliumiza, na vipande vya kioo vikiingia kwenye ngozi ni taabu kuvitoa.

Unapomwita mtaalamu

Mpe vitu hivi: dalili ilianza lini na kuna nini kilibadilika siku hizo, poti zipi zimeathirika, kasi ya kiungo uliyosoma, vipimo vya omu kama ulipima, na picha ya raki kabla hujagusa. Akimaliza kuvuta waya mpya, dai ripoti ya mashine ya kuthibitisha kwa kila poti, yenye urefu na matokeo, na lebo pande zote mbili zinazolingana na ripoti hiyo. Andika sharti hilo kwenye mkataba kabla ya malipo ya mwanzo. Ukilitaja dari likishafungwa, utaambiwa mashine imeazimwa Dar.